Bomba la hewa ukaa likipita jirani: Iowa, South Dakota, Illinois au Texas, ukanunue wapi?

Kuna jamaa yangu mtu wa Goma, tulipiga naye kazi kiwanda cha nyama kabla mi sijahamia kwenye malori, kanipigia juzi anasema amechoka na apatimenti, watoto wanne, jirani wa juu anatembea na mabuti usiku kucha, sasa anatafuta nyumba ya shamba nje ya mji, hata heka tatu nne, afuge mbuzi wake. Ana sehemu nne kichwani. Iowa huku tuliko, South Dakota upande wa Sioux Falls ambako ana shemeji, Illinois ng'ambo ya mto pale Moline na Rock Island ambako kanisa lao lipo, au Texas maana kuna binamu anamvuta kila siku na stori za kodi ya mapato hakuna. Shida yake ikawa moja: kasikia huko mashambani wanapitisha mabomba ya kaboni, akauliza hicho ni kitu gani na kuna jimbo gani lina sheria ya kumlinda.

Nikaanza kumwelezea, hewa ukaa, ile ile ya kwenye soda, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, haina harufu, ikitoka inatambaa chini na kujaa bondeni, ukiingia unalala hapo hapo... akanikata. "Kaka, ile ni mazuku."

Nikabaki mdomo wazi. Kwa ambao hamjui, pale Goma na kandokando ya Ziwa Kivu kuna mashimo na mabonde madogo ambako hewa ukaa inatoka ardhini sababu ya volkano, na watu wa kule wameipa jina zamani sana, mazuku, mbuzi anashuka kunywa maji asubuhi hapandi tena, mtoto anamfuata mbuzi naye hapandi. Kwa hiyo huyu mtu hahitaji kufundishwa sayansi, anachohitaji ni kujua serikali ya wapi inaangalia hilo bomba vizuri. Nimekaa nikamwandikia, na kwa kuwa wapo wengi wanaouliza swali hili hili nimeona niweke hapa yote.

Kwanza ujue unashindana na kitu gani

Marekani ina zaidi ya maili 5,000 za mabomba ya hewa ukaa, si kitu kipya, yalianza miaka ya sabini huko Texas, kazi yake kusukuma mafuta yaliyogoma kutoka kwenye visima vilivyozeeka. Lile la Cortez peke yake lina kama maili 500, linatoka Colorado mpaka Denver City, Texas. Yamepita jangwani na kwenye malisho, watu wachache, kelele hakuna. Kilichobadilika ni pesa: tangu 2022 serikali kuu inatoa nafuu ya kodi mpaka dola 85 kwa kila tani ya hewa ukaa unayoizika ardhini, basi viwanda vya ethanoli vinavyosaga mahindi ya Iowa na majirani zake vikaona dili. Kampuni ya Summit Carbon Solutions ikaja na mpango wa maili kama 2,500, viwanda 57, majimbo matano, yote yamwage North Dakota. Hapo ndo bomba likatoka jangwani likaja mlangoni kwa watu.

Ndani ya bomba hewa imeshindiliwa mpaka haijui kama ni gesi au maji, inahitaji presha juu ya baa 74 na joto juu ya nyuzi 31 kufika hali hiyo, na mabomba mengi yanaendeshwa kati ya psi 1,200 na 2,200. Tairi la lori langu ni psi 100 na kitu na likipasuka barabarani unadhani bomu, sasa piga hesabu mwenyewe. Likipasuka, hewa inapanuka ghafla inakuwa baridi mpaka inaganda kama barafu kavu, wingu jeupe linashuka linatambaa chini, na gari lililoko ndani ya wingu linazima maana injini nayo inahitaji oksijeni. Yaani kile ulichokitegemea kukukimbiza ndicho kinachokwama.

Hii si hadithi. Tarehe 22 Februari 2020, Satartia, kijiji kidogo Mississippi, mvua ilinyesha sana, udongo wa mlimani ukaporomoka, ukavuta bomba la inchi 24 la kampuni ya Denbury mpaka mshono wa welding ukaachia. Ilikuwa usiku saa moja na dakika chache. Watu kama 200 wakahamishwa, 45 wakapelekwa hospitali, wapo waliokutwa wamezimia ndani ya magari yaliyozima. Hakuna aliyekufa, na hapo shukrani ziende kwa waokoaji wa kaunti walioingia kwenye wingu, maana kampuni yenyewe haikuwapigia kuwaambia bomba lao limepasuka, walibaki wanabahatisha wenyewe ni hewa gani hii. Ripoti ya serikali ikasema hesabu za kampuni zilikuwa zimeonyesha wingu halifiki kijijini. Lilifika.

Nani mwenye bomba kisheria, hapa ndo watu wanachanganyikiwa

Kila mtu anauliza "jimbo gani lina sheria kali" na swali lenyewe limekaa vibaya kidogo, maana kuna kazi tatu tofauti na kila moja ina mwenyewe.

Kazi ya kwanza ni kuandika sheria ya usalama: chuma kiwe na unene gani, valvu zikae wapi, presha mwisho ngapi, likaguliwe kila baada ya muda gani. Hiyo ni ya serikali kuu, ofisi inaitwa PHMSA, ipo chini ya wizara ya uchukuzi. Bomba likivuka mpaka wa jimbo, jimbo haliruhusiwi kuongeza hata nukta kwenye sheria ya usalama. Bomba likianzia na kuishia ndani ya jimbo moja, hapo jimbo linaweza kuongeza masharti makali zaidi, lakini mpaka liwe limepewa cheti na PHMSA kwamba linaweza kazi hiyo.

Kazi ya pili ni kukagua. Karibu majimbo yote yana wakaguzi wa mabomba ya gesi ya kupikia, ila kwa mabomba ya mafuta na hewa ukaa (wanayaweka kapu moja) ni majimbo machache tu yenye cheti. Yenye nacho yanarudishiwa mpaka asilimia 80 ya gharama na serikali kuu, mengine yameamua hapana asante.

Ya tatu ni kuamua bomba lipite wapi, na hii PHMSA haina mamlaka nayo kabisa, sheria inasema wazi. Hiyo ni ya jimbo, au ya kaunti, au ya mtu yeyote kutegemea uko wapi.

Kwa hiyo unapata kichekesho. Jimbo linaruhusiwa kuamua daladala ipite mtaa gani lakini haliruhusiwi kuuliza habari za breki. Na kaunti ikijaribu kusema "bomba lisipite karibu na shule, liwe mbali kiasi fulani" inapelekwa mahakamani. Kaunti mbili za Iowa, Shelby na Story, ziliweka umbali wake, Summit ikashitaki, mahakama ya wilaya 2023 na ya rufaa 2025 zikasema huo umbali ni sheria ya usalama iliyovaa nguo za mipango miji, futeni. Na sheria ya serikali kuu yenyewe inasemaje kuhusu umbali? Bomba lisikae ndani ya futi 50 za nyumba ya mtu, isipokuwa likifukiwa inchi 12 zaidi ya kawaida. Futi 50! Trela langu peke yake lina futi 53. Yaani nikipaki uani kwako bomba linaweza kuwa karibu na jiko lako kuliko taa zangu za nyuma.

Kuna na tundu jingine. Sheria hiyo inahesabu ni "hewa ukaa" pale tu ikiwa zaidi ya asilimia 90 safi na imeshindiliwa mpaka ile hali ya si gesi si maji. Ikisafirishwa kama gesi ya kawaida, haimo. Bunge liliagiza 2011 hilo lizibwe. Baada ya Satartia, PHMSA ikasema 2022 inaandika upya, ikatoa rasimu Januari 2025, ndani yake kampuni zilazimishwe kupiga hesabu za wingu litaenda wapi, zifundishe zimamoto, na gesi nayo iingizwe. Siku chache baadaye utawala ukabadilika, rasimu ikarudishwa kabatini kabla hata haijachapishwa kwenye gazeti la serikali.

Ukishaelewa hapo, kulinganisha majimbo kunakuwa rahisi, maana unauliza tu: kwenye zile kazi tatu, jimbo hili limeshika ngapi?

Iowa na South Dakota

Nimeziweka pamoja kwa sababu jamaa alikuwa anaangalia nyumba mbili ambazo unatoka moja unafika nyingine kabla chai haijapoa kwenye thamosi, mpaka tu ndo unapita katikati. Kwenye kazi ya kwanza na ya pili ni pacha. Hakuna kati yao lenye wakaguzi wake wa bomba la hewa ukaa, wote wanasubiri inspekta wa PHMSA, na ofisi ya kanda iko Kansas City. Sisemi hawaji, wanakuja, ila ujue wanatokea wapi.

Tofauti yote iko kwenye kazi ya tatu, na ni tofauti ya usiku na mchana.

Iowa ina tume ya watu watatu inayotoa vibali vya mabomba. Juni 2024 ikaipa Summit kibali, pamoja na nguvu ya kuchukua haki ya kupita kwenye shamba la asiyetaka, analipwa lakini hakatai. Tume iliweka masharti, bima ya dola milioni 100 mojawapo, na kwamba kuchimba kusianze mpaka North Dakota na South Dakota nazo zikubali. Ukisoma masharti hayo utaona mengi ni ya pesa na ya udongo, mifereji ya shambani irudishwe ilivyokuwa, mazao yalipwe, maana ndiko jimbo linakoruhusiwa kugusa. Bunge la Iowa likapitisha 2025 muswada wa kuyabana mabomba haya, gavana Kim Reynolds akaukataa mwezi Juni. Wakulima nilioongea nao pale kwenye stesheni za malori bado wana hasira, na hao ni watu waliompigia kura.

South Dakota wamefanya kinyume. Tume yao ilikataa ombi la Summit 2023, ikakataa tena Aprili 2025. Bomba jingine la kampuni ya Navigator lilikataliwa mwezi huo huo wa Septemba 2023 na mwezi uliofuata kampuni ikafuta mradi mzima, maili 1,300. Novemba 2024 wananchi wakapiga kura kuikataa sheria iliyokuwa inazinyima kaunti sauti. Halafu Machi 2025 gavana Larry Rhoden akasaini sheria fupi kabisa: kwa bomba la hewa ukaa, hakuna kuchukua ardhi ya mtu kwa lazima. Basi.

Ila usidanganyike hapo. Usalama wa South Dakota umeingilia mlango wa uani. Hawajaongeza unene wa chuma wala valvu moja, hawawezi, walichofanya ni kumpa mwenye shamba funguo. Bomba likija kujengwa kwa wote waliokubali kwa hiari, sheria yake ya usalama itakuwa ile ile ya Iowa, ya futi 50, na mkaguzi yule yule wa Kansas City. Na jirani yako akikubali wewe ukakataa, bomba litapita kwake, na wingu halijui mpaka wa shamba.

Hata hivyo nikilazimishwa kuchagua kati ya hayo mawili, South Dakota, bila kufikiria mara mbili, na mimi naishi Iowa.

Illinois, ng'ambo ya mto

Hii ndo iliyonishangaza. Ukikaa Davenport upo Iowa, ukivuka daraja la Mississippi dakika kumi upo Rock Island, Illinois, na ni dunia nyingine kabisa.

Julai 2024 gavana Pritzker alisaini sheria iliyosimamisha vibali vipya vya mabomba ya hewa ukaa mpaka tarehe 1 Julai 2026, au mpaka PHMSA imalize sheria zake mpya, chochote kitakachotangulia. Sasa PHMSA ilishaweka zake kabatini kwa hiyo kilichobaki kuhesabu kikawa kalenda. Kuna wanaosema huo ni ujanja wa kuchelewesha tu, mi naona si kweli, kwa sababu sheria hiyo haikuishia kwenye kusimamisha. Inataka kampuni ilete hesabu za kompyuta, wingu litatambaa vipi kwenye ardhi halisi, mabonde na yote, kile kile kilichokosewa Satartia. Na inataka kampuni zichangie hela ya kuandaa waokoaji. Wamechungulia ile kazi ya kwanza bila kuigusa kwa mkono: hawasemi chuma kiwe hivi, wanasema ukitaka kupita kwetu tuonyeshe kwanza nani atakuwa ndani ya wingu.

Navigator na kampuni nyingine ya mabomba, Wolf, zote zilikuwa na maombi Illinois zikayaondoa. Wolf ndo lile lililokuwa litoke Cedar Rapids mpaka Decatur, maili kama 280, wengi wetu wenye ndugu Cedar Rapids tuliletewa karatasi zake kwenye masanduku ya barua tukadhani ni matangazo ya intaneti tukatupa.

Doa lipo. Decatur ndiko hewa ukaa inakozikwa tangu zamani, na 2024 ikagundulika imevuja chini kwa chini kupitia kisima cha kuangalizia cha kampuni ya ADM. Hilo si bomba, ni kisima, sheria zake nyingine, lakini ukinunua maeneo ya katikati ya Illinois utalisikia sana, na 2025 jimbo likapiga marufuku kuzika hewa hiyo kwenye eneo la Mahomet, maji ya chini ya ardhi ambayo watu wengi wanakunywa. Moline na Rock Island ni mbali na hapo.

Texas (na Louisiana kwa jirani)

Texas ndo jimbo la watu wenye mazoea. Mwangalizi anaitwa Railroad Commission, usicheke, jina ni la enzi hizo, habari za treni hawana tena. Wana cheti cha PHMSA, wana wakaguzi wao wa mabomba yanayoanzia na kuishia ndani ya Texas, hewa ukaa ikiwemo, na wanaruhusiwa kuandika masharti makali zaidi kwa hayo ya ndani. Yaani kazi ya kwanza nusu, kazi ya pili wanayo. Ukiwa na wasiwasi kuna mtu wa jimbo wa kumpigia ambaye bomba la hewa ukaa ameliona kwa macho miaka mingi, hilo Iowa huna.

Ila kazi ya tatu, aisee. Kampuni ikijitangaza ni msafirishaji wa wote, yaani inabeba mzigo wa yeyote anayelipa, inaweza kuchukua njia kwenye ardhi yako. Zamani ilitosha kujaza fomu na kuweka tiki kwenye kiboksi, wakulima wa mpunga wakaishitaki Denbury na 2012 mahakama kuu ya Texas ikasema tiki peke yake haitoshi, thibitisheni. Wakulima wakashangilia. Kesi ikarudi, ikapanda tena, 2017 mahakama ile ile ikasema imethibitishwa, kampuni imeshinda. Kwa hiyo kwa mwenye heka nne na mbuzi, Texas ni sehemu yenye daktari mzuri na magonjwa mengi.

Louisiana nayo ina wakaguzi wake wa mabomba ya ndani. Lakini angalia kilichotokea Sulphur tarehe 3 Aprili 2024, kituo cha pampu cha bomba la Denbury linaloingia Texas, lile walilolishitakia wakulima wa mpunga, wakati huo kampuni imeshanunuliwa na ExxonMobil, kikavuja mapipa zaidi ya 2,500, ikachukua zaidi ya saa mbili kuziba, majirani wakaambiwa wajifungie ndani. Bomba hilo linavuka mpaka wa jimbo kwa hiyo wakaguzi wazuri wa majimbo mawili sheria zao haziligusi. Ndo maana nasema ukienda huko usiulize "jimbo lina wakaguzi?" peke yake, uliza "hili bomba linavuka mpaka?"

Mengine kwa haraka maana najua mtauliza. California ilisimamisha mabomba haya 2022 ikisubiri PHMSA, ikachoka kusubiri, 2025 ikampa mkuu wa zimamoto wa jimbo aandike sheria zake kwa mabomba ya ndani akianzia kwenye ile rasimu iliyowekwa kabatini, hapo ndo jimbo limetumia mamlaka yake mpaka mwisho, ila nyumba ya heka nne California mtu wa kiwanda cha nyama hanunui. Nebraska haina ofisi ya jimbo inayotoa kibali cha njia, kila kaunti na lake. North Dakota ilikataa 2023, ikakubali Novemba 2024.

Nilichomwambia

Nilimwambia hivi. Kama unanunua mahali ambapo bomba bado halijafika na hutaki lije kwa nguvu, South Dakota. Kama unataka jimbo linalouliza maswali ya mtu aliyewahi kuona mazuku, Illinois, na mimi moyo wangu uko hapo, kodi ya nyumba yao ndo itakuumiza. Kama bomba tayari lipo na huna namna, bora liwe la ndani ya Texas kuliko la kuvuka mipaka popote pale. Iowa iwe ya mwisho, na si kwa sababu watu wake wabaya, ni kwa sababu kwenye zile kazi tatu imeshika moja tu, na hiyo moja imeitumia kufungua geti.

Alafu nikamwambia jimbo ni nusu ya hesabu, nusu nyingine ni kiwanja chenyewe. Kabla hujalipa hata senti fungua ile ramani ya mabomba ya serikali, National Pipeline Mapping System, chagua kaunti, angalia mstari uko wapi. Nenda ofisi ya hati ya kaunti uulize kama mwenye shamba wa sasa au wa kabla yake alisaini kumruhusu mtu wa bomba, maana sahihi hiyo inakuja na nyumba, utairithi kama unavyorithi paa linalovuja, na dalali hana haraka ya kukwambia. Tembea barabarani angalia vile vinguzo vya kuonyesha bomba, vinaandikwa kilichomo na namba ya simu, ipige hiyo namba usiku uone kama mtu anapokea. Ukishahamia usichimbe hata shimo la nguzo ya banda la mbuzi bila kupiga 811 kwanza, namba ya kuuliza mabomba na nyaya zimefukiwa wapi. Na usinunue bondeni. Hilo la mwisho hakuhitaji kuambiwa, alicheka.

Jumamosi tukaenda wote kuona nyumba ya upande wa South Dakota. Ipo kwenye kilima kidogo, ghala zuri, kisima kinafanya kazi, muuzaji mzee wa miaka sabini hivi, mkulima, anaongea taratibu. Jamaa akazunguka nyumba nzima hasemi kitu, mke wake anapima jiko, mwisho akasimama pale barazani akamuuliza yule mzee swali moja tu, kwamba kukitokea dharura usiku zimamoto wa hapa wanatoka wapi na wanachukua muda gani.

Mzee akaonyesha pikapu yake nyekundu chini ya mti. "Mimi ndo zimamoto," akasema, yeye na wenzake kumi na moja, wote wa kujitolea. Jamaa akauliza kama wana kile kimashine cha kupima hewa ukaa. Mzee akafikiria kidogo, akasema mitungi ya kupumulia wanayo, minne, hicho kimashine hapana, hakuna aliyewahi kuwauliza.

Wakaanza kuongea bei.